Walihesabu Kondoo, Hawakuhesabu Merikebu

Taa moja, kondoo jike 96.

Hicho ndicho kilikuwa kiwango katika hekalu kuu la Thanjavur, kusini mwa India, miaka elfu moja iliyopita. Aliyetaka taa ya samli iwake mbele ya mungu wake mchana na usiku alitoa kondoo 96. Mchungaji akakabidhiwa, na tangu hapo akawajibika kuleta kipimo chake cha samli kila siku, yeye na kizazi chake, maadamu jua na mwezi vipo. Mapatano hayo yakachongwa ukutani. Ukutani humo humo wamo wacheza ngoma wanawake 400 waliohamishiwa hapo kutoka mahekalu mengine. Kila mmoja ametajwa jina lake, alikotoka, na nyumba aliyopewa: mtaa gani, upande gani, ya ngapi kutoka mwanzo.

Nilizunguka ukuta ule nusu siku nzima, karatasi ya tafsiri mkononi, nikitafuta merikebu.

Nieleze nilifikaje huko. Julai ya mwaka 2025 tulimpeleka mama Chennai kupasuliwa moyo. Wenzetu wa Afrika Mashariki wanaijua safari hiyo: unapanga chumba karibu na hospitali, unajifunza kupika kwa jiko la watu, unahesabu siku. Mwenye nyumba wetu alikuwa mzee wa Kitamili, mstaafu, na alipojua kwamba sisi ni watu wa Tanga, watu wa bahari, alifurahi kama aliyepata jamaa. Wiki hizo televisheni yake ilikuwa inaonyesha sherehe za Gangaikonda Cholapuram, mji mkuu wa zamani wa Mfalme Rajendra Chola. Waziri Mkuu wa India alikwenda huko tarehe 27 Julai, ikatolewa na sarafu ya kumbukumbu, kwa sababu ilikuwa inatimia miaka elfu moja tangu mfalme huyo atume merikebu kuvuka Ghuba ya Bengal. Mzee aliniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba mfalme wao alikuwa na jeshi kubwa kuliko yote ya majini, meli elfu, maamiri na vyeo vyao. Nikaingia mtandaoni usiku ule nikakuta habari hizo hizo: majedwali ya vyeo, madaraja ya meli za kivita, vikosi vya kila aina. Nikasoma mpaka alfajiri.

Kisha nikaanza kuuliza: haya yote yameandikwa wapi? Hapo ndipo mambo yalipoanza kunikaa moyoni, na sijaacha kuyawaza hadi leo.

Kwanza yaliyo ya hakika, maana ni makubwa. Ukoo wa Chola uliinuka upya katikati ya karne ya 9 ulipoutwaa mji wa Thanjavur, katika bonde la mto Kaveri, nchi ya mpunga. Rajaraja wa Kwanza alitawala mwaka 985 hadi 1014. Mwaka 993 hivi majeshi yake yalivuka mlango wa bahari hadi Sri Lanka, yakauangusha mji wa kale wa Anuradhapura, na Wachola wakakaa sehemu ya kaskazini ya kisiwa kile hadi mwaka 1070. Pale penye wembamba zaidi, bahari ile ina kilomita 30 hivi, kama mtu anayetoka Bagamoyo kwenda Unguja. Hata hivyo miaka 77 ya kuwalisha askari ng'ambo, kuwabadilisha, kusafirisha tembo na farasi na kodi, si kazi ya mitumbwi ya wavuvi. Maandishi ya Rajaraja yanadai pia visiwa vya kale vya bahari, 12,000 kwa idadi yao, ambavyo wanahistoria wanavielewa kuwa ni Maldives.

Mwanawe, Rajendra, ndiye aliyekwenda mbali. Maandishi ya hekalu la Thanjavur ya mwaka wa 19 wa utawala wake, yaani mwaka 1030 au 1031, yanasema kwamba alituma merikebu nyingi katikati ya bahari inayoviringika, akamkamata Sangrama Vijayottungavarman, mfalme wa Kadaram, pamoja na tembo wa jeshi lake, akachukua hazina yake na lango la vito lililosimama kwenye mlango wa vita wa mji wa adui. Kisha inafuata orodha ya mahali 13, na kila mahali pamepewa sifa yake. Srivijaya, yaani Palembang ya leo katika Sumatra. Malaiyur ya kale, yenye mlima kama boma. Mayirudingam, iliyozungukwa na bahari kama handaki. Ilangasoka, isiyotishika vitani. Ilamuridesam, ncha ya kaskazini ya Sumatra, pande za Aceh. Manakkavaram, ndiyo visiwa vya Nicobar, ambako asali hukusanyika bustanini. Na mwisho Kadaram yenyewe, Kedah ya Malaysia, inayolindwa na bahari ya kina.

Nilipoisoma orodha ile mara ya tatu niliisikia kama utenzi. Asali bustanini! Kuna baharia aliyerudi nyumbani akasimulia asali ile, na mshairi wa mfalme hakuiacha.

Maneno haya yalikaa karne nyingi bila watu kuelewa yanasema nini. Wataalamu wa mwanzo walidhani Srivijaya ni jina la mfalme. Mwaka 1918 Mfaransa George Coedès akaonyesha kwamba lilikuwa jina la dola, dola ya baharini iliyoshika njia kati ya India na China, na ambayo ilikuwa imesahaulika kabisa. Ukuta wa hekalu la Watamili ulikuwa mmoja wa mashahidi wake. Dola ikakumbukwa kwa ushahidi wa aliyeivamia.

Sasa turudi kwenye kondoo. Watu hawa walipenda hesabu kuliko watu wote ninaowajua. Waliandika sufuria za shaba na uzito wake. Waliandika vijiji vya Sri Lanka vilivyotakiwa kuleta mpunga, fedha na mafuta Thanjavur. Vikosi vyao vya nchi kavu wameviandika kwa majina, makumi ya vikosi, wapiga mishale na wapanda farasi na watu wa tembo. Na merikebu? Merikebu ni "nyingi". Basi. Ukutani sikukuta orodha ya vyombo, wala jina la jahazi moja, wala mshahara wa nahodha, wala kijiji kilichoamriwa kutoa mbao au kamba. Hakuna pia jahazi la kivita la Chola lililofukuliwa chini ya maji likatambuliwa kwa hakika. Zile picha nzuri za mitandaoni, zenye milingoti mitatu na simbamarara kwenye bendera, zimechorwa na watu wa juzi.

Mzee wangu alihuzunika nilipomwambia hivyo, nami nilihuzunika kumhuzunisha. Lakini naamini ukimya ule una habari kubwa kuliko majedwali ya vyeo. Mfalme anayehesabu kondoo hasahau kuhesabu meli zake. Asipozihesabu, basi kuna uwezekano mkubwa hazikuwa zake.

Zilikuwa za nani? Hapo ndipo wanapoingia wafanyabiashara. Kusini mwa India ya zama zile kulikuwa na vyama vya biashara vikubwa kuliko falme nyingine. Kikubwa kuliko vyote kiliitwa Ainnurruvar, Mia Tano, na chenyewe kilijiita Mia Tano wa Pande Elfu. Kulikuwa na Manigramam. Kulikuwa na Anjuvannam, chama cha wageni waliotoka Magharibi ya Asia, Wayahudi na Waislamu na Wakristo. Vyama hivi vilikuwa na askari wao wa kulinda mali, na miji yao yenye ngome. Jiwe lenye maandishi ya Kitamili yanayokitaja chama cha Manigramam lilipatikana Takua Pa, kusini mwa Thailand, nalo ni la karne ya 9, miaka mia na zaidi kabla Rajendra hajazaliwa. Jiwe jingine la Mia Tano, la mwaka 1088, lilipatikana Barus, pwani ya magharibi ya Sumatra, na linaeleza ushuru ambao nahodha na mabaharia wake walipaswa kuulipa kwa dhahabu kabla hawajaingia. Kwa hiyo njia ya Kadaram haikugunduliwa na mfalme. Wafanyabiashara walikuwa wanaijua kama anavyojua mtu njia ya kisimani. Baadhi ya wanahistoria leo wanaona kwamba mwaka 1025 Rajendra aliyachukua au kuyakodi majahazi ya wafanyabiashara, akapakia askari wake wa nchi kavu, na manahodha wale wale waliokuwa wakipeleka nguo na pilipili wakampeleka vitani. Inawezekana hata wao ndio waliomtaka aende.

Kwa nini wamtake? Kwa sababu ya China. Wachola walipeleka ujumbe kwa watawala wa Song mwaka 1015, 1033 na 1077. Ule wa mwisho ulikuwa na watu 72, na walirudi na mikufu 81,800 ya sarafu za shaba, malipo ya zile walizoziita zawadi. Ni biashara iliyovaa joho la adabu. Na Srivijaya ilikaa mlangoni, kwenye mlango wa bahari wa Malaka, ikiamua nani apite na kwa masharti gani. Mambo yalifika mahali kwamba mwaka 1106 wakubwa wa Wizara ya Ibada ya China walisema Chola ni nchi iliyo chini ya Srivijaya, ndiyo maana barua zake huandikwa kwenye karatasi ya daraja la chini. Dola iliyokuwa imemkamata mfalme wa Srivijaya, yule aliyeitwa mfalme wa Kadaram, miaka 80 kabla, machoni pa Kaifeng, mji mkuu wa China wakati ule, bado ilikuwa mtumwa wa Srivijaya! Nani aliyewaambia Wachina hivyo? Mwanahistoria Tansen Sen anaona kwamba Srivijaya yenyewe ndiyo iliyosambaza habari hiyo. Mkalimani wa njiani ana nguvu kuliko askari.

Hapa niseme kidogo juu ya vyombo vyenyewe, maana nimekulia karibu na mafundi wa majahazi na siwezi kupita kimya. Karne ile Bahari ya Hindi ilikuwa bahari ya vyombo vya kushonwa. Mbao zilitobolewa, zikaunganishwa kwa kamba za usumba, bila misumari ya chuma kwenye mwili wa chombo. Pwani ya Watamili mashua za masula ziliendelea kushonwa hivyo hata katika karne ya 20, kwa sababu chombo kilichoshonwa hunepa kinapogonga mchanga katikati ya mawimbi, pale ambapo cha misumari kingepasuka. Sisi tulikuwa na mtepe, uliokuwa ukishonwa Lamu na visiwa vyake. Ufundi ni mmoja. Jahazi la kushonwa lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, katika karne ya 9, lilipopimwa mbao zake zilikutwa nyingi ni za mti wa Afzelia kutoka Afrika, ukoo mmoja na mbambakofi tunaochongea milango yetu. Nilipolisoma hilo nilifunga simu nikakaa kimya kwa muda. Miti yetu ilikuwa inapita mbele ya Nagapattinam, bandari ya Wachola, karne mbili kabla ya vita vya Rajendra.

Na upepo nao ni ule ule. Kusi letu, likishavuka ikweta, hupinda likawa upepo wa kusini-magharibi, likasukuma vyombo vya India kuelekea mashariki. Kaskazi huwarudisha. Mtawa wa Kichina wa karne ya 7, Yijing, aliandika habari za mwenzake aliyetoka Kedah akasafiri siku 30 kuelekea magharibi hadi Nagapattinam. Mwezi mmoja wa maji. Waliokuja na askari wa Rajendra walivuka bahari hiyo hiyo kwa kinyume, huenda wakipima urefu wa nyota ya kaskazini, mpaka kilele cha mlima Jerai, mita 1,217, kilipochomoza juu ya maji upande wa Kedah.

Niliporudi Chennai nilimsimulia mama yote haya, yeye amelala ubavu na mto kifuani kama daktari alivyoagiza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na waliovamiwa, mwanangu, wao waliandika nini?"

Swali lile lilinishika. Nilikuwa nimesafiri kilomita 350 kwa treni ya usiku kwenda kusoma ukuta wa mshindi tu.

Walioandika ni watu wa Sri Lanka. Kitabu cha historia cha watawa wao, Culavamsa, kinaeleza kwamba Wachola walivunja vyumba vya masalio matakatifu, wakabeba sanamu za dhahabu, wakaufyonza utajiri wa Lanka kama mazimwi wanyonya damu. Mfalme Mahinda wa Tano alikamatwa mwaka 1017 pamoja na taji na vito vya ufalme, akapelekwa India, akafia huko mwaka 1029. Miaka 12 kifungoni. Katika maandishi ya Rajendra jambo hilo ni mstari wa sifa. Kwa Mahinda lilikuwa ni maisha yake yaliyobaki. Nimesikia watu wengi wakisema kwa fahari kwamba Wachola hawakutawala Srivijaya, walipiga tu wakaondoka, kama kwamba huo ni upole. Uwaulize watu wa miji ile 13.

Na bado uhusiano wenyewe haukuwa wa uadui mtupu, na hili ndilo linalonishangaza kuliko vita. Karibu mwaka 1006, katika utawala wa Rajaraja, mfalme wa Srivijaya alijenga nyumba ya watawa wa Kibuddha Nagapattinam, bandari kuu ya Wachola, iliyoitwa Chudamani Vihara. Rajaraja, mwabudu Shiva, akaipa mapato ya kijiji kizima cha Anaimangalam. Hati yake ni mabamba ya shaba 21 yaliyofungwa kwa pete yenye muhuri wa mfalme, na dunia inayaita mabamba ya Leiden kwa sababu yalichukuliwa yakapelekwa Uholanzi. Miaka 20 baada ya kujengwa, mtoto wa mfadhili akaishambulia nchi ya mjenzi. Watawa hawakufukuzwa. Mwaka 1090 wajumbe wa Kadaram walikuja kwa Kulottunga wa Kwanza kuomba ile nyumba isamehewe kodi, wakakubaliwa. Kulottunga huyo ndiye aliyepewa jina la Mfuta Ushuru. Jina hilo peke yake linakuonyesha nani walikuwa wakinong'ona masikioni mwa wafalme wa Chola.

Wiki ya mwisho dada alinipa ruhusa ya siku mbili nyingine, nikaenda Nagapattinam. Nilijua sitakuta kitu. Mnara uliobaki wa ile nyumba ya watawa ulibomolewa mwaka 1867. Sanamu za shaba zilizofukuliwa hapo nilikuwa nimeziona katika jumba la makumbusho la Egmore, Chennai, Mabuddha wadogo wenye mwali wa moto juu ya kichwa. Hapo mjini kuna soko la samaki, boti za faiba zenye injini, na magogo machache yaliyofungwa pamoja juu ya mchanga. Kwa Kitamili huitwa kattumaram, miti ya kufunga, na neno hilo limesafiri dunia nzima.

Kuna pia makumbusho ya wafu wa tarehe 26 Desemba 2004. Katika wilaya ya Nagapattinam walikufa watu zaidi ya 6,000. Nilisimama pale nikaitazama ramani, mwili ukanisisimka. Tetemeko lilianzia baharini karibu na Aceh, Ilamuridesam ya kwenye orodha. Wimbi likapita Nicobar, yenye asali. Kisha likafika Nagapattinam, saa mbili au tatu tu kutoka lilikoanzia. Lilipita njia ya merikebu za Rajendra, likirudi. Na halikuishia hapo. Liliendelea kuvuka hadi Somalia, hadi kwetu Dar es Salaam, ambako pia tulizika watu.

Asubuhi ile upepo ulikuwa unatoka nchi kavu, mgongoni mwangu, ukielekea majini. Ni upepo wa kuondokea. Niliwaza wale askari wa mpunga, wana wa wakulima wa Kaveri, wengi wao hawajui kuogelea, wakipandishwa kwenye jahazi la mtu la mizigo, wamekaa juu ya magunia, wakitapika. Hakuna ukuta uliowahesabu wao pia.

Kabla sijaondoka mama alinipigia simu akaniagiza kafuri. Hakusema ya nini, na sikuuliza. Mtu wa pwani anajua kafuri huwekwa wapi: kwenye sanduku, pamoja na sanda. Hekaluni Thanjavur nilikuwa nimeona makuhani wakiichoma kwenye sahani, na harufu ile ilinirudisha chumbani siku tulipomwosha bibi. Ile bora kuliko zote zamani ilitoka Barus, kwenye jiwe la Mia Tano. Wamalay hadi leo huiita kwa jina la bandari hiyo.

Mwenye duka sokoni aliniuliza nataka ya kuchoma au ile mbichi, pachai karpuram. Nikasema mbichi. Akaipima kwenye mizani ndogo, kama ya sonara, akaikunja kwenye karatasi mara tatu ili isiyeyukie hewani. Nilimkabidhi mama jioni ya kesho yake. Aliinusa, akafumba macho, akaniambia niiweke chini kabisa ya begi, chini ya nguo, maana bado hajaihitaji.